Mkwe Chini ya Koti

Ukitaka kumjua Mama Tusa, usimuulize mwenyewe. Atakwambia "mimi nipo tu," halafu ataendelea kumenya viazi. Niulize mimi Tekla, jirani yake, ambaye tumepanga ukuta mmoja hapa Uyole mwaka wa sita sasa, mimi na cherehani yangu barazani, yeye na genge lake la mboga mbele ya geti. Cherehani ina faida moja ambayo mafundi wengi hawaitangazi: ukiinamisha kichwa na kukanyaga pedeli, watu wanadhani husikii.

Jina lake hasa ni Tupokigwe, Mnyakyusa wa Rungwe, miaka thelathini kasoro. Ana watoto wawili. Wa kwanza ni Tusajigwe, yuko darasa la kwanza, msichana mwenye maneno kumshinda diwani. Wa pili ni mvulana wa miaka minne. Cheti chake cha kuzaliwa kinasema Yotamu, lakini mama yake hajawahi kulitamka jina hilo hata siku moja. Anamwita Mzee. "Mzee, vaa suruali!" "Mzee, toa mkono kwenye ndoo!" Wateja wangu wageni, wakimsikia kupitia ukuta, hudhani mwenzangu ana mume mwenye matatizo.

Sababu ni kwamba Yotamu ni jina la baba mkwe wake, na yeye kalelewa kwamba mwanamke aliyeolewa halitaji jina la baba wa mumewe. Wala hali naye, wala hampi mkono, wala hakutani naye uso kwa uso. Akimwona anakuja njiani, anachepuka hata kama ni kuingia kwenye mahindi ya watu. Mkwe naye anachepuka upande wake. Hakuna ugomvi hapo. Hiyo ndiyo heshima yenyewe. Siku hizi wengi wameacha, wanakaa benchi moja kanisani na wanaazimana kitabu cha nyimbo. Lakini Mama Tusa alilelewa na bibi yake, na bibi yake hakuwa mtu wa kuacha vitu.

"Na mkikutana kwa bahati mbaya?" nilimuuliza siku moja.

"Hatujawahi."

"Miaka minane ya ndoa?"

"Miaka minane, dada."

Mimi ni Mhehe wa Iringa. Kwetu wakwe tunawaheshimu pia, lakini angalau tunawajua sura. Nikamwambia huo ni utumwa. Akacheka, akaniambia mimi nina mdomo ndiyo maana nashona peke yangu. Sikukasirika sana, kwa sababu alikuwa amenibebea sahani ya kande.

Mumewe, Lusekelo, ni dereva wa lori la mbao. Anapakia Mafinga, anashusha anakotumwa, na nyumbani anafika mara mbili kwa mwezi akiwa ananukia paina kuanzia kofia mpaka soksi. Siku nyingine zote nyumba ni ya mama na watoto wake wawili. Saa kumi na moja na nusu nasikia mkaa unapepewa. Saa kumi na mbili nasikia, "Tusa, soksi ya pili iko wapi?" Saa kumi na mbili na dakika tano soksi ya pili inapatikana, imevaliwa na Mzee kama kofia. Tusajigwe hataki uji wenye mabonge, Mzee hataki uji usio na mabonge, na mama yao anakoroga sufuria moja. Nimeisikiliza vita hiyo miaka mingi na sijaichoka. Wanangu wamekua, wako mbali, na kwangu soksi zote ziko mahali pake.

Basi mwaka huu, mwezi wa tano, Lusekelo akapiga simu akiwa Makambako. Baba yake anakuja kutibiwa macho hapa mjini. Atakaa wiki tatu.

Mama Tusa akakaa chini, juu ya gunia la viazi, na simu mkononi.

Ili uelewe kwa nini, lazima nikupangie uwanja wetu. Mama Tusa ana vyumba viwili vinavyotazama uani, kila kimoja na mlango wake. Jiko liko ng'ambo, banda la mabati. Bomba liko katikati. Choo kiko mwisho kabisa, karibu na ukuta wa jirani. Yaani mtu akitoka chumbani kwenda chooni, na mwingine akitoka jikoni kwenda bombani, hawana ujanja, watagongana. Hapo ndipo mwanamke ambaye hajamwona mkwewe miaka minane alitakiwa amtunze siku ishirini na moja.

Mzee Yotamu alishuka kwenye bajaji Jumatatu mchana, mrefu, mwembamba, koti jeusi kubwa, akiongozwa na Lusekelo kwa mkono. Mkewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Macho yote mawili yalikuwa na ukungu wa mtoto wa jicho, hata ngazi aliitafuta kwa mguu. Mama Tusa alikuwa tayari kajifungia jikoni. Nikamfuata.

"Sasa unajificha nini?" nilimnong'oneza. "Mzee wa watu haoni."

"Yeye haoni," alisema. "Mimi naona."

Nikarudi kwenye cherehani yangu.

Lusekelo alikaa siku mbili, akaondoka na lori lake. Kabla ya kuondoka waliweka utaratibu. Mzee Yotamu akitaka kutoka chumbani, akohoe mara mbili. Mama Tusa akitaka kutoka jikoni, agonge mfuniko wa sufuria. Asiyesikia kitu apite. Ulikuwa utaratibu mzuri kabisa, ila waliotunga walisahau kwamba Uyole mwezi wa tano ina baridi ya kukata masikio. Siku ya tatu mzee akashikwa na kikohozi cha kweli. Mama Tusa anatoka na ndoo, koho koho, anarudi jikoni mbio. Anatoka tena, koho koho, anarudi. Kufika saa nne alikuwa hajateka maji, kitunguu kimeungua, na mzee wa watu hajanyanyuka hata kitandani.

Ikabidi Tusajigwe awe trafiki. Akirudi shule, kabla hata ya kuvua sare, anasimama karibu na bomba na mkono juu. "Babu pita! Mama subiri! Mama, nimesema subiri!" Sijawahi kumwona mtu akifurahia cheo namna ile.

Cheo chake cha pili kilikuwa utarishi. Mama hawezi kumsemesha babu, babu hawezi kumsemesha mama, kwa hiyo maneno yote yanapita kwa mtoto. Mama anasema, "Kamwambie babu chakula tayari, karibu ale." Mtoto anafika: "Babu, kula. Usipokula mama atanichapa." Babu anasema, "Mwambie mama ndaga fijo, nimeshiba." Mtoto anafika: "Babu kasema asante sana. Na kasema anataka biskuti."

Mama Tusa akanunua biskuti. Kesho yake babu akataka biskuti tena. Keshokutwa akataka biskuti na soda. Mama Tusa akaja kwangu ana wasiwasi, akaniuliza kama sukari nyingi hivyo haitamdhuru mzee. Mimi nilikuwa nimemwona Tusajigwe nyuma ya choo, mashavu yamejaa, anamlisha mdogo wake vipande vya rushwa. Nilicheka mpaka sindano ikakatika. Mtoto alikula vibao viwili vyepesi, na tangu hapo kila ujumbe ulirudiwa mara mbili mbele ya shahidi. Shahidi alikuwa Mzee, mwenye miaka minne, ambaye alikubali kila kitu.

Jicho la kwanza lilipasuliwa salama, la pili likapangiwa siku nyingine. Babu akarudi na kibandiko cheupe na kichupa cha dawa ya matone, mara nne kwa siku. Nani atamwekea? Mama yao ni mkwe, haiwezekani. Nikasema mimi nitaweka, Tusajigwe akakataa kata kata. Nesi alimwonyesha yeye. Basi wakawa wanakaa barazani, mzee kwenye kiti, msichana juu ya kigoda. "Babu, tazama juu. Usipepese, babu." Tone la kwanza kwenye nyusi, la pili puani, la tatu jichoni. Pembeni Mzee anahesabu: moja, mbili, tano.

Na huyo Mzee mdogo na huyo mzee mkubwa, nikwambie, walipendana. Kitu ambacho sikukitegemea. Mtoto yule hakai kwa mtu, hata kwangu anakuja kuiba vifungo tu na kuondoka. Lakini kwa babu yake alihamia, na mto wake na gari lake la mkebe. Asubuhi mama yao akiwa bado anapepea mkaa, unawasikia wawili wanasalimiana kupitia dirisha. "Mugonile, tata." "Ee, ndaga. Umelala vizuri?" Halafu wanaanza mazungumzo kuhusu ng'ombe. Mtoto ambaye ng'ombe anamjua kwenye bucha tu alianza kumwambia kila mteja wa genge kwamba ana ndama wake, mwekundu, yuko Rungwe.

Mama Tusa alilisikia hilo la ndama na kutabasamu. Mimi pia. Hatukujua linakoelekea.

Wiki ya tatu, Jumanne, Lusekelo akapiga. Ukuta wetu ni mwembamba na simu ya Mama Tusa ina sauti kubwa, kwa hiyo sikulazimika kutega sikio. Alisema baba ameomba kurudi Rungwe na Yotamu mdogo. Amlee. Aanze shule kulekule mwakani, akae naye, maana mzee yuko peke yake. Jumapili atapita na lori awachukue wote wawili. "Nimemwambia sawa," akasema. "Ni baba, mke wangu. Ningemwambia nini?"

Nilisubiri kusikia jibu. Baadaye kidogo nikasikia kisu kikigonga kwenye ubao, anakata sukuma wiki, anakata, anakata, mpaka nikaona sasa huyu atazigeuza unga. Nikaacha gauni la watu, nikaenda.

"Umemjibu nini?"

"Nimesema nimesikia."

"Basi sema hapana!"

"Nimwambie nani, dada?" Hakuwa analia. Ningefurahi kama angelia. "Mume wangu hawezi kumkatalia baba yake. Mimi siwezi kumsemesha. Nimtume Tusa? Kamwambie babu asimchukue mdogo wako? Atarudi aniambie babu anataka soda."

"Na wewe mwenyewe unatakaje?"

Aliweka kisu chini. "Mtoto ana miaka minne. Bado ananishika sikio akilala. Nikimtoa sasa, siku atakayorudi atanisalimia kama mgeni." Akakishika kisu tena. "Simchukii baba. Ana haki ya mjukuu. Ila kwenye haki yake mimi nimewekwa wapi?"

Mimi nina hasira za karibu. Mama yangu alikuwa anasema moyo wangu umewekwa juu ya figa. Niliposikia lile neno, "nimewekwa wapi," nikaona heshima gani hii inayomnyang'anya mtu mtoto wake akiwa amefunga mdomo. Nikamwambia mimi si mkwe wa mtu, mimi nitakwenda kusema.

"Dada, acha."

"Nitasema kwa upole."

"Dada Tekla, wewe huujui upole."

Lakini nilikuwa nimeshafika mlangoni. Nikaingiza miguu kwenye ndala nilizozikuta hapo, nikakata uwanja.

Hapo ndipo nilipokosea, na sikujua. Ndala hazikuwa zangu. Zilikuwa za Mama Tusa, moja imekatika mkanda ikashikizwa na msumari, na kila ukikanyaga inapiga chapa-tik, chapa-tik. Uwanja mzima unaijua sauti ile. Tena nilikuwa natokea jikoni, na sikugonga mfuniko wowote.

Mzee Yotamu alikuwa amekaa barazani anaota jua, kibandiko jichoni. Aliposikia chapa-tik inamjia alishtuka kama mtu aliyemwagiwa maji. Akanyanyuka, akageukia ukutani, akavuta koti lake jeusi likamfunika kichwa chote. Katika kugeuka akatumbukiza mguu kwenye beseni la nguo nilizoloweka. Akabaki hivyo hivyo, uso ukutani, mguu mmoja kwenye sabuni, hatikisiki.

Mtu mwenye akili angesimama akasema, "Mzee shikamoo, ni mimi Tekla." Mimi maneno yalikuwa yameshanijaa mdomoni.

"Mzee, mtoto haendi!" nikasema. "Ana miaka minne. Ana mama. Umemuuliza baba yake, mama yake umemuuliza? Mtoto hakuzaliwa na lori!"

Povu la sabuni lilikuwa linapanda kwenye suruali yake. Kisha sauti ikatoka chini ya koti, ya chini, taratibu.

"Nimesikia, mwanangu. Sikujua kama limekuuma kiasi hiki. Abaki."

*Mwanangu.* Nikatazama miguu yangu, nikaziona zile ndala. Nikafungua mdomo nimweleze, nikaufunga. Kwani si amesema abaki? Si ndicho nilichofuata? Nikarudi jikoni kwa ncha za vidole, nikamwambia Mama Tusa tumeshinda.

Yeye alikuwa nyuma ya mlango, kasikia kila kitu.

"Amedhani ni mimi," alisema.

"Na amekubali!"

"Amedhani mimi ndiye nimemwendea hivyo. Nimemfokea. Nimemsimamisha kwenye beseni." Akakaa juu ya kigoda cha jikoni. "Miaka minane, dada. Nimechepuka kwenye mvua. Nimezunguka mlima mzima siku ya msiba wa mama mkwe ili nisikatize mbele ya baba. Leo atarudi nyumbani akijua mkwe wake ni mtu wa namna gani."

Nikamwambia nitakwenda kusahihisha. Akanitazama kwa namna ambayo sijaisahau. "Ukisahihisha, atasema ni maneno ya jirani. Mtoto ataondoka Jumapili." Na huo ulikuwa ukweli. Akinyamaza, anabaki na mtoto na aibu isiyo yake. Akisema, anarudishiwa heshima yake na huenda mtoto akaondoka nayo. Mimi na mdomo wangu ndio tuliompeleka kwenye njia panda hiyo, na niliona haya, nasema kweli. Nilirudi kwenye cherehani nikashona mkono wa gauni upande wa shingo.

Jumatano ikapita, Alhamisi ikapita. Uwanja ukawa kimya mpaka watoto wakashangaa. Sahani ya mzee ilirudi jikoni nusu. Sahani ya Mama Tusa haikupakuliwa kabisa. Alikuwa anakula makombo ya watoto akiwa amesimama. Tusajigwe akaniuliza kama babu na mama wamegombana. Nikamwambia watu wasioonana wanagombanaje? Akafikiri, akasema, "Mimi nagombana na mwalimu kimoyomoyo."

Jumamosi asubuhi shule hakuna. Jua lilikuwa limetoka vizuri, mlima uko wazi. Tusajigwe alikuwa amemaliza kumwekea babu dawa barazani, Mzee yuko mapajani kwa babu, anaendesha gari lake la mkebe juu ya goti. Nikaona Mama Tusa anatoka jikoni. Aligonga mfuniko kwanza. Babu akageuza uso ukutani kama kawaida, na koti juu. Lakini Mama Tusa hakwenda bombani. Alikatiza uwanja, akaingia chumba cha pili, akasimama nyuma ya mlango ulio wazi, hatua tatu kutoka kwenye kile kiti, ubao katikati yao. Nikaziona kucha za miguu yake tu, chini ya mlango. Alikuwa peku.

"Baba," akasema.

Mguu wangu ukaachia pedeli.

"Baba, nisamehe. Yule wa Jumanne hakuwa mimi. Mimi ndiye huyu." Sauti ilikuwa inatetemeka kama ya mtu aliyebeba ndoo imejaa mpaka pomoni. "Sikumtuma mtu. Sijawahi kukukosea heshima, na siku ya kwanza ninayokukosea ndiyo hii, nimekuja kukwambia kwamba sikukukosea."



"Lakini maneno yake ni yangu," akaendelea. "Beseni si langu, kufoka si kwangu. Ila hilo la mtoto ni langu. Ukisema aende kwa sababu aliyesema ni jirani, nitaelewa. Nilitaka tu ujue."

Kisha chini ya lile koti kikatoka kitu kama kikohozi, na hakikuwa kikohozi. Alikuwa anacheka.

"Gwe, wewe mwanangu," akasema, "ndala zako nazijua. Sauti yako pia naijua. Miaka minane nakusikia unaimba nyuma ya kuta. Yule alipofungua mdomo tu nilijua ni Mhehe."

Niliinamisha kichwa mpaka pua ikagusa cherehani.

"Sasa kwa nini ulimjibu, baba?"

"Sikumjibu yeye. Nilijua uko nyuma ya mlango wa jiko. Sisi siku zote tunasemezana kwa vinywa vya watoto. Siku ile kilikuwepo cha jirani." Akavuta koti vizuri. "Alisema neno moja la kweli. Nilimuuliza baba yake, wewe sikukuuliza. Kosa hilo ni langu, na mguu kwenye sabuni niliustahili."

Mtoto mapajani akauliza anaongea na nani. Babu akampapasa kichwa.

"Mtoto atabaki," mzee akasema. "Lilishakwisha. Lakini kwa kuwa umekuja, na mimi nikwambie kwa nini nilimtaka. Jiko la mama yenu halijawashwa tangu tulipomzika. Nakwenda kula kwa mdogo wangu, ananipokea vizuri, nakula, naaga, narudi. Nyumba haina moshi. Watu wanapita pale barabarani hawageuki, wanadhani hakuna mtu. Nikasema mtoto akiwepo, itabidi liwashwe."

Zile kucha chini ya mlango zilikaa pale pale. Niliona kidole gumba kimoja kinakanyaga kingine.

"Mtoto wa miaka minne hawezi kuwasha jiko, baba," alisema mwishowe.

"Najua."

"Shule zinafungwa mwezi wa sita. Nitafunga genge. Nitakuja mimi, na watoto wote wawili." Akavuta pumzi. "Nitaliwasha."

Mabega ya babu chini ya koti yalianza kwenda juu na chini, na safari hii hakuwa anacheka. Mama Tusa hakutoka nyuma ya mlango, na babu hakugeuka. Hata siku hiyo hawakuonana. Tusajigwe alimtazama babu yake kwa muda, kichupa mkononi, akapanda tena juu ya kigoda na kuinua pindo la koti.

"Babu, usilie," akasema. "Nimetoka kukuwekea dawa sasa hivi, utaimwaga."